Kikombe Mlangoni kwa Baba Mkwe

Wiski haichemshwi. Nalisema mapema kwa sababu nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza nikisema mara moja. Unachemsha maji na tangawizi iliyopondwa, vijiti viwili vya mdalasini, iliki nne zilizopasuliwa na karafuu tatu. Si nne, maana karafuu ya nne inageuza kinywaji kuwa dawa ya jino. Unatia majani ya chai kidogo, ya Mufindi. Mume wangu husema ya Tukuyu, na hapo tunagombana kwanza. Unaepua, unachuja, unatia asali na limau, unasubiri mvuke upungue, ndipo unamimina wiski. Ukiichemsha, nguvu yake yote inapanda darini na wewe unabaki na uji usio na unga.

Nilijifunza haya kwenye jiko la hoteli moja ya Iringa nilikofanya kazi kabla ya kuolewa. Wao waliiita kokteli na kuwauzia watalii waliokuja Afrika bila sweta. Nilipoolewa Uyole nikakutana na baridi ya mwezi wa sita na wa saba, nikajua elimu yangu haikupotea. Jioni ikifika, malori yakipanga foleni kule barabarani, mimi na mume wangu tunakaa jikoni karibu na jiko la mkaa, kila mtu na kikombe chake cha bati.

Mwaka ule tulikuwa watatu. Mama mkwe alifariki mwezi wa pili, na baba mkwe akabaki peke yake kwenye nyumba ya mlimani huko Tukuyu, ambako ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi. Baridi ilipoanza, jirani yake alitupigia simu. Alisema moshi haujaonekana jikoni kwa mzee kwa siku tatu. Hakuwa mgonjwa, alikuwa tu ameacha kuwasha moto. Mume wangu akamfuata siku hiyohiyo akamleta kwetu, akae mpaka baridi ipite. Tuliogopa kweli kumwacha arudi kule, na hatukuwa na mpango mwingine wowote.

Sasa, baba mkwe ni Mnyakyusa wa zamani na mimi ni Mhehe wa Igowole. Kwao, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawaongei, hawapokezani kitu mkononi. Siku hizi wengi wameacha, na wifi zangu walinicheka kwa kujisumbua, lakini mzee hakuwa miongoni mwa wengi, na mimi nilitaka nionekane mkwe mwenye adabu. Nyumba yetu ina korido moja. Akitaka kupita anakohoa mara mbili, nami najifunika khanga na kugeukia ukuta. Nikitaka kupita mimi, nagonga sufuria kwa kijiko. Kwa wiki tatu tuliishi kama malori mawili kwenye daraja jembamba. Nilimfahamu kwa kikohozi na viatu. Yeye sijui alinifahamu kwa nini, labda kwa sufuria.

Jioni moja alimwuliza mume wangu hicho tunachokunywa kinanukia nini. Tangu afike alikuwa akila kwa kuhimizwa, na hakuwa ameulizia kitu chochote. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nikamwandalia cha kwake kwenye kikombe chenye maua mekundu, asali ya Iringa vijiko viwili, wiski ya kupasha kifua tu. Nikaweka stuli nje ya mlango wake na kikombe juu ya stuli. Halafu nikafanya jambo ambalo mama yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma. Nikaonja.

Kwetu humpi mtu kinywaji bila kukionja mbele yake. Hata kama ni ulanzi, pombe ya mianzi, kutoka kwa jirani unayemwona kila siku, mwenye kuutoa ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni aone hakuna kilichotiwa humo. Kumpelekea mtu kikombe kisichoguswa ni kumwambia kwamba yatakayompata ni yake mwenyewe. Na kwa kuwa baba mkwe hakuruhusiwa kuniona nikionja, niliamua asikie. Nikavuta funda moja kwa kelele zote ambazo midomo yangu inaweza kutoa, nikabisha mlango mara mbili, nikakimbilia jikoni.

Nusu saa baadaye kikombe kilikuwa palepale, kimejaa na kimepoa.

Nikawaza kama mpishi yeyote mwenye majivuno: tangawizi imezidi. Kesho yake nikapunguza tangawizi, nikaonja kwa sauti zaidi, nikabisha. Kikarudi kimejaa. Siku ya tatu nikaongeza asali, nikatia na ganda la chungwa, nikaonja mara mbili ili mzee asibaki na shaka hata chembe. Kikarudi kimejaa. Vikombe vilivyorudi alivinywa mume wangu. Alikuwa mtu mwenye furaha sana wiki ile, na hakuona haraka yoyote ya kutafuta chanzo cha tatizo.

Siku ya nne, Alhamisi, kabla hata sijabandika maji, baba mkwe alimwita mwanawe akamwambia kwamba Jumamosi anarudi Tukuyu.

Nililia. Nilikuwa naliona lile jiko lisilotoa moshi. Na siwezi kuficha, nilikuwa nawaona pia wanawake wa ukoo wakikaa msibani mahali fulani na kusimuliana jinsi Mhehe alivyomfukuza mzee wa watu. Nikamwambia mume wangu aende akaulize kosa langu ni nini, na asikanyage jikoni bila jibu. Alirudi amejiziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani naye analia, kumbe anacheka.

"Baba anasema mkwe wake anakunywa kwenye kikombe chake," akasema. "Kila siku. Na anahakikisha yeye anasikia."

Nilihitaji kukaa chini ili nielezwe. Kwao, mzee kuchangia kikombe na mke wa mwanawe ni jambo zito kuliko hata kukutana naye uso kwa uso. Yaani nilikuwa nimejifunika khanga wiki tatu nzima, kisha nikampelekea mate yangu mlangoni, jioni tatu mfululizo, kwa matangazo. Mzee alitafakari akaona nina moja kati ya mawili: ama sina adabu kabisa, ama namfukuza kistaarabu. Mume wangu aliyezaliwa ndani ya mila hizo alikuwa ananiona nikionja, na hakusema kitu kwa sababu akili yake ilikuwa kwenye kikombe kitakachorudi. Nilimpa maneno ambayo hapa sitayaandika.

Nikamtuma tena. Akamweleze baba yake kwamba kwetu kuonja ni heshima, kwamba nilikuwa namwambia kwa njia ya kwetu kuwa katika nyumba hii yuko salama. Alisema ameeleza yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akajibu "haya", basi. Ijumaa asubuhi begi lake lilikuwa limefungwa na kuwekwa karibu na mlango.

Ijumaa jioni sikuandaa kinywaji. Nilikuwa jikoni namenya viazi, nimenuna, nikasikia kikohozi mara mbili. Nikageukia ukuta nisubiri viatu vipite kwenda uani. Havikwenda uani. Vilikuwa vinakuja jikoni, na vya mume wangu vikifuata nyuma. Nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma, kiazi mkononi.

Nikasimama kwenye baridi chini ya dirisha nikisikiliza. Tangawizi ilipondwa kama mtu anayeua nyoka. Mume wangu akawa anaelekeza, na alikuwa anaelekeza vibaya. Nilimsikia akihesabu karafuu mpaka sita. Kisha nikasikia kizibo cha chupa kikizungushwa, wiski ikamiminwa kwenye sufuria, na mtu akaanza kupepea mkaa kwa nguvu. Wiski haichemshwi! Nilitaka kupiga kelele, lakini ningepigaje, na baba mkwe yuko ndani? Nikang'ata khanga. Harufu yote nzuri ikatoka dirishani, ikapita juu ya kichwa changu, ikaenda zake barabarani kwa madereva wa malori.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kidogo, stuli ikasukumwa nje. Nikageukia ukuta haraka. Nilitegemea kusikia kikombe kikiwekwa na viatu vikiondoka. Badala yake nilisikia funda likivutwa, refu, la kelele, la mtu ambaye hajawahi kunywa hivyo maishani na amekusudia. Jirani wa pili angelisikia. Ndipo kikombe kikatua juu ya stuli.

"Kamwene, mama," akasema.

Ndiyo salamu ya kwetu. Hakuwahi kuniambia neno lolote kabla ya hilo, na sikujua kama nijibu au nizidi kujibana na ukuta.

"Nimeonja," akasema. "Malimau yameisha. Kesho mnunue mengine."

Kesho ilikuwa Jumamosi.

Nilisubiri mpaka viatu vikafika mwisho wa korido, nikasikia begi likiburutwa kurudi chumbani. Nikachukua kile kikombe chenye maua mekundu. Kinywaji kilikuwa kibaya sana. Tangawizi haikumenywa, karafuu zilinitia ganzi ulimi, na wiski haikuwemo hata ya kusingiziwa. Ukingo wa kikombe ulikuwa bado na unyevu mahali mzee alipoweka midomo yake, mzee aliyekuwa tayari kurudi kwenye nyumba isiyo na moto kwa sababu ya unyevu kama huo. Nikaweka midomo yangu palepale, nikavuta funda kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza, ili asikie.