Vifo vya Jumamosi

Miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijafika Ifakara, mimi nilikuwa mtu wa ubao. Ndivyo watu walivyoniita, na jinsi nilivyoringa kwa jina hilo naona aibu hata kuandika. Nilikuwa nimeajiriwa kutunza maktaba ndogo karibu na soko, chumba kimoja chenye rafu tatu, na nje ukutani ubao mweusi. Saa moja asubuhi nilisikiliza taarifa ya habari redioni nikiwa na kalamu mkononi, nikaongezea ya kwenye magazeti yaliyokuja na basi yakiwa yamechelewa siku mbili, kisha nikanakili yote ubaoni kwa chaki. Chini kabisa niliweka habari za kwetu: mto umejaa na kivuko kimesimama, mbegu zimefika, fulani amefariki.

Habari za vifo zililetwa na abiria. Mtu akifiwa Chita au Mlimba na ana ndugu Ifakara, aliandika kikaratasi akampa msafiri yeyote wa treni, naye akakifikisha kwangu. Msafiri hakuhitaji kujua nyumba ya mtu. Nikishaandika ubaoni, hazikupita saa mbili habari ilikuwa imemfikia mwenyewe, maana sokoni watu wanajuana.

Kilichonivimbisha kichwa ni sanduku la maoni. Nilimwomba fundi seremala anitengenezee sanduku lenye tundu juu, nikalipachika kando ya ubao na penseli iliyofungwa kwa kamba. Mtu mmoja aliandika kwamba herufi zangu ni ndogo, nikazikuza. Mwingine alisema chaki nyekundu haionekani jua likipiga, nikaiacha. Mvua ilipofuta habari mara mbili mfululizo, watatu wakalalamika kwa maandishi, nikaomba bati nikaezeka kibanda juu ya ubao. Kila wiki ubao ulikuwa bora kuliko wiki iliyopita, na kila Jumatatu niliandika kwenye kona: "Tumeboresha kwa maoni yenu." Nilijiona mtu wa maendeleo hasa.

Kisha vikaja vikaratasi vya vifo. Vilikuwa vingi, vyenye mwandiko mzuri wa watu waliosoma: vifo kila siku vinachosha, vinakula nafasi ya mpira, asubuhi mtu anataka kuanza siku vizuri. Nikafikiri siku moja tu, nikaamua. Vifo vyote vitawekwa pamoja Jumamosi, na nafasi yao siku nyingine ichukuliwe na michezo. Nilipata sifa nyingi wiki ile, hata mwalimu mmoja alisimama kunipa mkono.

Palikuwa na mama mmoja aliyeuza vitumbua mlangoni mwa soko, mtu wa makamo, mjane, aliyehama kutoka Mlimba zamani. Hakujua kusoma. Kila asubuhi akishamaliza beseni lake alikuja ubaoni akamwomba yeyote aliyesimama pale amsomee, na siku zote alitaka aanziwe chini, kwenye vifo. Wiki ya kwanza ya utaratibu mpya alinifuata ndani, akaniuliza wafu wamepelekwa wapi. Nilimweleza. Akasema utaratibu huo si mzuri. Nami, huku napanga magazeti bila hata kumtazama, nikamwambia kama ana maoni aandike atumbukize kwenye sanduku.

Nililisema hilo kwa mtu niliyejua hajui kuandika. Sikukusudia kumdhihaki, na hapo ndipo ninapoona ubaya zaidi, kwa sababu aliyekusudia angalau anakuwa amemwona mtu aliye mbele yake. Yeye aliitikia haya, akaenda zake.

Mwezi uliofuata, Jumanne mchana, abiria mmoja aliniachia kikaratasi kutoka Mlimba. Nilisoma neno la kwanza, "Tanzia", nikakiweka kwenye bahasha ya Jumamosi. Jumamosi asubuhi nilikitoa ili kukinakili, ndipo nikakisoma chote. Marehemu alikuwa dada yake mama wa vitumbua. Aliyeandika alikuwa mtoto wa marehemu, na chini alikuwa ameongeza: "Tutazika kesho Jumatano jioni. Tunamngoja mama mdogo, aje na treni ya asubuhi."

Ningeweza kutoka nje hatua thelathini nikamwambia mwenyewe. Badala yake niliandika jina la marehemu na mahali alipofariki, nikaacha siku ya maziko, nikaacha na lile neno la kumngoja. Kikaratasi nilikitia mfukoni.

Mama wa vitumbua alisomewa na kijana mmoja mpita njia. Hakulia mara moja. Aliingia ndani na beseni lake tupu, akaniuliza, "Mwanangu, hii habari imekufikia lini?"

"Leo asubuhi, mama," nikasema. "Pole sana."

Alinishukuru.

Alipanda treni siku iliyofuata, na yaliyotokea huko niliyasikia sokoni kwa wanawake wenzake. Alimkuta mpwa wake analia kwamba walimngoja hadi jua linazama, mwili hauwezi kungoja zaidi, na kwamba alituma karatasi Jumanne. Mama akamwambia mbele ya ukoo mzima kuwa ni mwongo, mtu wa ubao amethibitisha karatasi ilifika Jumamosi. Kijana yule alikuwa mnywaji zamani, na ingawa alikuwa ameacha, watu hawakuhitaji kusukumwa sana ili waamini kwamba alilewa akasahau. Mama wa vitumbua akarudi Ifakara akisema kule Mlimba hana mtoto tena. Dada yake alikuwa ameacha mtoto huyo mmoja tu, na yeye mwenyewe hakujaliwa kupata.

Nilirudisha vifo ubaoni kila siku, nikasingizia maoni ya wasomaji. Kila asubuhi aliendelea kuja kusomewa, na kila asubuhi aliniwekea vitumbua viwili kwenye kipande cha gazeti, eti kwa wema wangu. Nilivila. Sikuwa na ujasiri hata wa kuvikataa.

Baada ya arobaini yule mpwa alikuja. Alingoja watu watawanyike ubaoni, akanisalimu kwa heshima, akasema hakuja kugombana. "Kaka, nataka kujua tu. Karatasi yangu ilifika siku gani?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu ambaye ameanza kujishuku mwenyewe, kama kweli labda alilewa siku ile bila kujua. Nikamwambia, "Jumanne. Ilifika Jumanne mchana."

Halafu akasema twende nikamwambie mama yake mdogo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi. Yeye alibaki nje ya ua, kwa sababu alikuwa amekatazwa kukanyaga pale. Mama alikuwa anapeta mchele. Alifurahi kuniona, akaniachia kigoda chake, akakaa mkekani. Nikamweleza yote: bahasha, Jumamosi, kikaratasi mfukoni, maneno niliyoyaacha. Nilikitoa kikaratasi chenyewe, nilichokuwa natembea nacho tangu siku ile, nikamsomea hadi pale wanaposema wanamngoja.

"Jumanne," akasema.

"Jumanne, mama."

"Na mimi uliniambia leo asubuhi."

"Ndiyo, mama."

Nilifungua mdomo niombe radhi. Hakunisubiri. Aliweka ungo chini, akanipita kana kwamba kile kigoda hakina mtu, akatoka nje ya ua. Nilimsikia kabla sijamwona. "Mwanangu, nisamehe. Kaburi la mama yako bado bichi, nami nikakuita mwongo mbele za watu." Niliposimama kuchungulia, alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga mbele ya kijana yule, ameshika miguu yake, naye anahangaika kumnyanyua huku wote wawili wanalia. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyeomba msamaha siku ile alikuwa yeye peke yake.