Kamba ya Bikombo

Wifi yangu Asma hana ubaya na mtu, ila alikuwa na mkono. Hapa Wambaa hatukumwita Asma wa Silima, kaka yangu aliyemuoa, tulimwita Asma wa mkono. Bega lake la kushoto lilikaa juu wakati wote, shingo imekaza, na vidole vya mkono huo vikishika kitu haviachii mpaka avibandue kimoja kimoja kwa mkono wa kulia. Tukikaa wanawake kufunga mwani kwenye kamba, sisi tunamaliza moja na kuvuta nyingine, yeye bado anapigana na ile ya kwanza. Nikimtania, "Wifi, iachie hiyo kamba, kwani kaka yangu hakutoshi?" Anacheka, huku jasho linamtoka.

Utani uliisha siku aliyomshika mwanawe.

Binti yake, Ummi, ndiyo kwanza anajua kukimbia. Walikuwa wanakatiza barabara kwenda dukani, pikipiki ikachomoza, Asma akamdaka mtoto mkono. Pikipiki ikapita, vumbi likatua, yeye hajaachia. Mtoto analia, "Mama, waniumiza!" na mama mtu analia vilevile, na vidole havifunguki. Mimi ndiye niliyekwenda kuvibandua. Tangu hapo, Ummi akinyoosha mkono ashikwe, mama yake anauficha wa kwake ndani ya kanga. Mtoto akazoea kuja kwangu. Ilinikera sana. Mimi nikiogopa hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa.

Hospitali walimpiga picha, mifupa mizima. Wakandaji walimkanda kwa mafuta ya karafuu, bega likashuka kidogo, akifika nyumbani limeshapanda. Wakatokea wa kusema ana kitu kimemkalia. Niliwaambia kikawakalie wao.

Mwisho tukaenda kwa Epifania, muuguzi wa kutoka Bara, aliyesomea kuwatuliza watu waliokaza viungo bila ugonjwa unaoonekana. Mimi nilikwenda kama mlinzi, sikuwa na imani naye hata chembe. Alitandika mkeka, akamkalisha Asma, akampa kitambaa.

"Usijaribu kuulegeza mkono, dada," alimwambia. "Uache ushike, tena ushike kwa nguvu. Fumba macho, pumua taratibu, urudi nao nyuma mpaka ulipokuwa mdogo kabisa. Usitafute kisa. Mtoto mchanga hana kisa. Tafuta harufu, baridi, kitu ulichokanyaga. Mkono wenyewe utakuonyesha ulikoanzia."

Mara ya kwanza hakuona kitu, nikamwambia tujiendee zetu tukafunge mwani. Mara ya pili alisema ananusa karafuu mbichi. Mara iliyofuata bega likapanda zaidi ya kawaida yake, mkono ukanyanyuka na kitambaa chake, na uso ukaelekea juu, macho yamefumbwa.

"Nimekanyaga majani mabichi," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, siijui. "Jua laniingia machoni. Nimeshika kamba. Nimeambiwa nisiachie."

"Nani amekwambia?" Epifania aliuliza.

"Yuko juu."

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, niliangalia juu. Palikuwa na mabati tu. Lakini nilipomgeukia tena Asma niliona kitu ambacho sijakiona miaka yote niliyokaa naye. Bega lile halikuwa bovu. Ni bega la mtoto mdogo anayenyoosha mkono kufikia kamba iliyomzidi kimo.

"Mkono unangoja nini?" Epifania alimuuliza kwa upole.

"Unangoja kuambiwa."

Asma alikulia Ole kwa Bimkubwa, mdogo wake mama yake. Mama mwenyewe, Bikombo, Asma aliambiwa alikufa kwa homa; lakini ni nani tena wa kumwambia mtoto mdogo asiachie kamba? Basi tukafunga safari ya Ole, mimi, yeye, na Ummi mgongoni kwangu. Tulimkuta Bimkubwa barazani anamenya muhogo. Tukamwamkia, akatuitikia, akaulizia wa Wambaa wote. Asma alikuwa anatafuta pa kuanzia, mimi nikamkata.

"Shikamoo yetu umeshaipokea, Bi Bimkubwa. Sasa twambie. Bikombo kafa kwa homa?"

Kisu kilisimama.

"Nani kakwambieni?" aliuliza.

"Mkono wangu," Asma alijibu.

Bimkubwa aliweka muhogo chini. "Sie hapa, msimu wa karafuu hatumtaji aloanguka mtini, asije akamfuata mwengine. Msimu ukisha, kila mtu asema si leo. Kisha waja msimu mwengine. Wallahi, mwanangu, hatukukaa tukakubaliana uongo. Ulikua wenyewe."

Ndipo alipotueleza. Bikombo alikwea mikarafuu kuchuma kama wanaume, na watu walimsema sana kwa hilo. Pakacha likijaa hulishusha kwa kamba, na mtoto wake alikuwa chini, kazi yake kushika mkia wa kamba ili pakacha lisiyumbe likanasa matawini. Akishuka humwambia, "Achia, nshashuka." Ulikuwa mchezo wao. Siku ile tawi lilivunjika upande wa pili wa mti.

"Hukuona," Bimkubwa alisema. "Weye watazama kamba tu. Watu wakamchukua, hapana alokukumbuka. Narudi mie, nakukuta umesimama vilevile, kamba mkononi, watazama juu. Nikakwambia twende, hutaki. Vidole havibanduki. Nikaikata kamba kwa kisu, juu ya mkono na chini ya mkono, ukalala na kipande chako."

Asma alikuwa ameushika mkono wa kushoto kwa wa kulia. "Kwa hiyo sikumwachia mimi?"

"Hukumwachia, mwanangu. Kamba ile ya pakacha, haikumbeba mtu."

"Basi na uniambie. Niambie kashuka."

Bimkubwa alishtuka, akajifunika mdomo kwa kanga. "Mie si Bikombo. Siwezi kumsemea maiti kuwa kashuka. Hakushuka yule. Alianguka."

Hapo hasira zikanipanda. Nilisema na adabu ikanitoka. "Mtoto wa watu kasimama chini ya mti miaka yote hii, na weye wamenya muhogo!"

Bimkubwa aliweka kisu chini. Aliinuka, akavaa viatu, akatangulia.

Mkarafuu ule ulikuwa bado upo, mkubwa, chini kumejaa majani. Hatukumwonyesha Asma mahali. Alikwenda mwenyewe akasimama, akanyanyua mkono na kushika hewa, akaangalia juu. Niliogopa kutazama alikotazama. Bimkubwa alizunguka nyuma ya shina tusimwone. Alikohoa, akaanza, akashindwa. Akaanza tena. Baadaye watu wa Ole walinisimulia kwamba yeye na dada yake, ukiwasikia bila kuwaona, ulikuwa huwajui nani ni nani.

"Asma. Achia, mwanangu. Nshashuka."

Vidole vilifunguka. Bega likateremka polepole mpaka likalingana na mwenzake, na Asma akakaa chini palepale majanini.

"Mama yangu kafa," alisema, na akalia kilio cha mtu aliyeletewa habari saa ileile. Nilimshika mkono nikampa pole ya msiba, sikujua jingine la kufanya, na mimi machozi yananitoka.

Tulipoondoka, Ummi aliomba kushuka mgongoni. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akanyoosha mkono, na safari hii Asma hakuuficha wa kwake. Wakatangulia mbele wameshikana. Mtoto aliona karafuu zilizodondoka njiani, akajivuta aziokote, na mkono wa mama ukamwachia kama mkono wa mama yeyote. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Nikageuka nimuage Bimkubwa. Alikuwa bado chini ya mti, shingo ameipindua, anatazama matawini. Bega lake la kushoto lilikuwa limepanda.

"Nimemsemea kashuka," aliniambia bila kuniangalia. "Na mtoto keshaachia. Kama yuko huko bado, sasa nani amshikia kamba?"

Nilimuaga, nikawafuata Asma na Ummi. Nilipofika njia panda nikatazama nyuma, na mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka.