Dungu Likinyamaza

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kuamia ndege, mjukuu wangu, mpunga umeinamisha shingo na bonde zima linapiga kelele kama nyumba yenye harusi. Imenirudia juzi, uliponiambia umechaguliwa kwenda chuo kusomea habari na mawasiliano ya umma. Nilifurahi, hata vigelegele nilipiga. Kisha nikakuita jikoni uje unishikie sufuria, ukawa umeinamia simu yako, hukuitika. Nikaita tena. Kimya. Nikaipua mwenyewe. Sikukukaripia siku ile kwa sababu ulikuwa na furaha, na mimi si mtu wa kumwagia maji moto wa mwenzangu. Lakini leo kaa hapa. Mimi niliishia darasa la nne, ya chuoni siyajui. Hili ninalijua.

Miaka ile ya tisini, mdogo wangu Agnesi ndiye alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kutoka bondeni humu na kuvuka daraja la Kidatu kwa ajili ya masomo makubwa. Bibi yako mdogo huyo huyo, usimwone sasa anatembea taratibu. Alipomwambia mama yetu kwamba anakwenda Dar es Salaam kusomea utangazaji, mama aliacha kupepeta.

"Chuo cha kusema?" akauliza. "Agnesi, wewe si ulizaliwa unasema? Hata mkunga alishangaa."

"Mama, nasomea kusema na watu wengi kwa wakati mmoja."

"Basi ungebaki hapa uamie ndege. Ndiyo kazi yenyewe."

Tulicheka, na mama akamfungia mchele na kitoweo cha samaki wa kukaushwa, akamwombea, Agnesi akaenda. Mwenda bure si mkaa bure, na huyu hakwenda bure.

Sasa lazima nikueleze kuamia, kwa sababu ninyi watoto wa mjini mpunga mnaujua ukiwa sahanini tu. Mpunga ukianza kukomaa, familia zilihamia mbugani. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, kibanda cha miti juu ya nguzo ndefu, ili uone mbali na nguruwe wasikukanyage. Unakaa juu, umefunga kamba zenye makopo kutoka dunguni mpaka pembe zote za shamba. Ndege wakija unavuta kamba, makopo yanalia, na wewe unapaza sauti. Kila mtu alikuwa na mwito wake. Wa mama yetu ulikuwa "Hoooo-yaye!" mrefu, unapinda mwishoni kama mkia wa ng'ombe. Wa Mzee Kasiani, jirani yetu wa upande wa mtoni, ulikuwa mfupi na wenye hasira, kama anayemfukuza mdai. Ukisikia tu, unajua yule yupo, ni mzima.

Na hapo ndipo palikuwa na sheria. Ukitaka kushuka, uende mtoni au porini kujisaidia, humwachi jirani gizani. Unamwita: "Nishikie sauti!" Naye anajibu: "Naishika!" Basi anapiga kelele za kwake na za kwako mpaka urudi. Dungu likinyamaza bila kuaga, watu hawaulizi. Wanakimbia. Mbuga ile ilikuwa na nyoka, na mtoni kulikuwa na viboko, na mtu aliyeumwa na nyoka hana nafasi ya kuomba sauti yake ishikwe.

Agnesi aliyajua hayo yote. Alikulia juu ya dungu. Lakini chuo, mwanangu, kinaweza kukupa kitu kipya kikubwa hata kikaziba mlango ambao ya zamani yalikuwa yakipitia.

Alirudi kwenye msimu ule na basi la Kidatu, vumbi la barabara ya Mkula limempaka mpaka kope. Hakuwa na furaha niliyoizoea. Usiku alininong'oneza. Mwalimu wao alikuwa amewatuma watengeneze kipindi cha redio, yeye akakaa maktaba akaandika maneno mazuri kuhusu wakulima, akayasoma kwa sauti nzuri, akapeleka. Mwalimu akamrudishia. Akamwambia, "Binti, kipindi chako kimesimama wima, lakini hakina watu ndani." Akapewa nafasi nyingine. Aende nyumbani, arekodi watu. Akikosa hiyo, masomo ya utangazaji basi.

"Nitarudi hapa kufanya nini, dada?" akasema. "Mama atasema alijua."

Alikuwa na kinasa sauti cha chuo, cheusi, na kaseti moja. Betri zenyewe alikuwa akizianika juani kama dagaa ili zipate nguvu.

Asubuhi yake mama alitaka kushuka mtoni kupokea samaki kwa wavuvi. Akatuacha wawili juu ya dungu. "Sauti hiyo hapo," alisema, akionyesha kamba za makopo. "Msiiangushe."

Alipopotea kwenye mpunga, Agnesi akatoa mashine. "Dada, sasa wewe ndiye mkulima wangu. Ila acha kelele kidogo. Ukipiga ukelele hapa karibu, sauti inapasuka."

Nikaacha. Akanisogezea maikrofoni mdomoni. Mwanangu, mimi ambaye nilikuwa siogopi nguruwe dume, niliogopa kile kidude! Nikajiweka sawa, nikafunga khanga upya kana kwamba kitaniona, nikaanza: "Ndugu wasikilizaji, sisi wananchi wa bondeni, tukiwa na ari na moyo wa kazi..."

"Dada! Nani anaongea hivyo?"

"Redio inaongea hivyo."

"Ongea kama wewe!"

"Mimi mwenyewe naongeaje?"

Hapo Mzee Kasiani akapaza mwito wake, kisha akaita: "Dungu la Mama Agnesi! Mbona baridi?" Nikafungua mdomo kuitika. Agnesi akaniziba kwa kiganja, akatikisa kichwa, akaonyesha taa nyekundu ya mashine, kwamba inanasa. Mzee akaita tena. Tukabana pumzi. Mimi, mkubwa wake, mama wa watoto wawili, nilibana pumzi kwa ajili ya taa.

Ikawa hivi: Mzee Kasiani alipokosa jibu, akanyamaza ili asikilize. Aliponyamaza yeye, Bi Mwanaidi wa dungu la tatu naye akanyamaza ili asikilize. Na wa mbele yake vilevile. Kimya kikapita kwenye mbuga kama kivuli cha wingu. Sijawahi kusikia kimya namna ile mchana. Agnesi macho yakamng'aa. "Afadhali!" akanong'ona. "Sasa sauti itakuwa safi."

Kimya kikuu kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulikuja kwa miguu. Mpunga uliachana huku na huku, akatokea Mzee Kasiani na mkuki, kifua wazi. Nyuma yake Bi Mwanaidi, amekunja khanga hadi magotini, mkononi ana mizizi ya dawa ya nyoka, mzizi mmoja anautafuna tayari kuutemea kwenye jeraha. Nyuma yao vijana wanne na kitanda cha kamba, wamekibeba mabegani cha kumchukulia aliyeumwa. Na nyuma kabisa mama yetu, kambale wanamning'inia mkononi, analia: "Nani? Ni nani kati yao?"

Wakatukuta tumekaa. Mimi nina kipande cha muwa mkononi.

Bi Mwanaidi akatema mzizi. "Haya, njooni muone! Maiti wanakula miwa!"

Vijana wakaangusha kitanda wakaangua kicheko. Mzee Kasiani alikuwa akihema tu, akiuegemea mkuki wake. "Nimeruka mfereji," alisema. "Ule mfereji sijauruka tangu nioe."

Mama hakucheka. Aliweka samaki chini, akapanda dunguni, akatutazama. Agnesi akaanza kueleza: mashine, mwalimu, sauti safi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na mama yetu akisema chini ujue umekwisha:

"Agnesi. Watu wamekuita ukawasikia?"

"Niliwasikia, mama."

"Chuo kimekufundisha kusema. Kuitika nani atakufundisha? Mashine yako ingengoja. Mtu anayekuita hajui kama uko hai. Na wewe Skola, mkubwa mzima, umefungwa mdomo na taa!"

Nikainamisha kichwa. Angetupiga ningeona nafuu. Lakini kabla hajaendelea, Bi Mwanaidi akapiga ukunga: "Ndege!"

Tukageuka. Kwa muda ule watu wote wameacha mashamba, kweleakwelea walikuwa wameshuka kama shuka lililokung'utwa. Aisee! Hapakuwa na wa kumsubiri mwenzake. Mama alishika kamba zote kwa mpigo na "Hoooo-yaye!" yake ikapasua anga. Mzee Kasiani akapiga mkuki kwenye debe. Vijana wakapanda nguzo za dungu letu, wakawa wanapiga mbinja. Bi Mwanaidi akawa anawatukana ndege majina ya wake wenza. Dungu likayumba, mtu akamkanyaga kambale akateleza, tukacheka huku tunapiga kelele, tukapiga kelele huku tunacheka, na ndege wakainuka wingu zima wakavuka mto kwenda kusumbua Waulanga, watu wa ng'ambo.

Tuliponyamaza kuvuta pumzi, tukasikia: ta! Mashine ilikuwa imefika mwisho wa kaseti. Hakuna aliyeizima.

Agnesi akakaa chini akalia. Kaseti moja, imejaa fujo, na betri ndizo zile. "Nimekwisha," alisema.

Mama akakaa karibu naye. Hasira yake haikuwa ya kulala nayo. "Hebu icheze, nijisikie."

Ikachezwa. Loo! Ndani ya kile kidude tulikuwemo wote. Mimi na ndugu wasikilizaji wangu. Mzee Kasiani akiita mara mbili, na kimya baada yake, kimya kirefu cha kutisha. Miguu kwenye mpunga. Maiti na miwa yao. Bi Mwanaidi alijilaza kwenye kile kitanda cha kamba kwa kicheko, ikabidi vijana wambebe kweli. Mzee Kasiani akasogeza sikio. "Huyo ni mimi? Mbona mzee hivyo?"

"Ndivyo tunavyokusikia kila siku," akajibiwa.

Lakini mambo hayakuishia kwenye kicheko. Wale watu walikuwa wameacha mashamba yao kwa ajili yetu, na mila ya mbugani ni kwamba aliyekukimbilia unamrudishia sauti. Mama akamtuma Agnesi dungu kwa dungu, awashikie wote sauti wapumzike. Mtangazaji wetu akapiga kelele kwa Mzee Kasiani, akapiga kelele kwa Bi Mwanaidi, akapiga kelele mpaka mwisho wa mbuga. Vijana wakipita wanamtania, "Mtangazaji, tupe taarifa ya habari!" Siku ya kurudi chuoni sauti ilikuwa imekauka, ameaga kwa mikono.

Basi akasimama mbele ya mwalimu bila sauti. Hakuweza kutanguliza maneno mazuri. Akabonyeza tu. Alitusimulia baadaye kwamba darasa zima lilicheka, na palipofika kile kimya wakaacha kucheka, na miguu ilipoanza kwenye mpunga, mwanafunzi mmoja akasimama. Mwalimu akasema irudishwe mwanzo. Kisha akamwambia, "Sasa kina watu."

Msimu uliofuata kipindi kile kilitoka redioni. Jumapili mchana, baada ya misa, sote tuko mbugani, redio ya Mzee Kasiani imefungwa juu ya nguzo ya dungu lake na sauti imefunguliwa yote. Tukamsikia Agnesi akitaja Ifakara. Kisha, kutoka redioni, "Hoooo-yaye!" ya mama yetu ikatoka ikapita juu ya mpunga. Na mama, aliyekaa kando yangu na kamba mkononi, akasikia sauti yake mwenyewe inaita kutoka ng'ambo.

Akaweka kiganja mdomoni, akaitika: "Nipoooo!"

Madungu yote yakaitika. Mbuga nzima, mpaka mtoni. Machozi yalinitoka, mwanangu, ya furaha, na sikuyafuta.

Haya. Umechaguliwa, nenda. Soma hizo habari, ushike hizo mashine, usiziogope kama nilivyoziogopa mimi. Lakini sikio halipiti kichwa, kwa hiyo lisikie la bibi yako. Usiwanyamazishe watu ili uwasikie. Wakute na kelele zao, na kazi zao, na matusi yao kwa ndege. Aliyekupa sauti yake mrudishie kwa jasho. Watu wakiacha shamba kwa ajili yako, jua shamba hilo lina ndege. Na zaidi ya yote, itika. Akikuita mwalimu, akikuita mtu wa barabarani usiyemjua, akikuita bibi yako jikoni na sufuria ya moto mkononi, itika kwanza, taa itangoja. Anayesema na watu wengi bila kumwitikia mmoja, huyo ni kopo kwenye kamba, analia tu upepo ukija.

Mungu wa bonde hili aliyetupa mto na mpunga akutangulie njia yote, kuanzia Kidatu na mbele ya Kidatu. Akupe sauti isiyokauka na masikio yasiyochoka. Ukiita, uitikiwe. Na siku nitakapokuita usinisikie kwa sababu ya umbali, usihofu: dungu hili halijanyamaza. Nimekushikia sauti.