Fundi Niendeshe na gari lililochemka kwa mjane peke yake

Jua la Juni limeshatoka Sumbawanga, lakini ni jua la kutazama tu. Halimpashi mtu moto. Nje ya gereji yake ya mabati, Ignasi Sikazwe amevaa koti juu ya koti, amesimama kando ya pikapu kuukuu ya milango minne. Hafungui boneti. Anafungua mlango wa abiria, anaingiza kichwa, ananusa.

Harufu ni tamu, kama ya sukari iliyoungua. Anashusha mkono hadi sakafuni. Zulia limelowa chepechepe, upande huo tu, pale ambapo mtu aliyeketi angeweka nyayo zake. Anapitisha kidole kwenye kioo kwa ndani, kidole kinatoka na ute.

"Nani hukaa hapa?" anauliza.

"Hakuna," anajibu mwenye gari, Atusaye Mwakalinga. "Tangu Baba Rose afariki, hapo hakai mtu."

Ignasi anafuta kidole kwenye suruali. Anakifuta tena, ingawa kimeshakauka.

Gari hili lina jina mjini, na si jina zuri. Linachemsha. Maji ya rejeta yanaisha na hakuna anayeona yanakokwenda. Mafundi watatu wamelishika kabla ya Ignasi. Mmoja alibadilisha pampu ya maji, mwingine mfuniko wa rejeta. Wa tatu alitandika maboksi chini ya injini na kuliacha likinguruma nusu siku, aone tone litaangukia wapi. Maboksi yakabaki makavu.

La ajabu zaidi, wakiliendesha wao, halichemshi. Wanazunguka nalo mji mzima, mshale wa joto umetulia katikati kama mtoto mwenye adabu. Akishika usukani Atusaye, hata hajafika mbali, mshale unapanda hadi kwenye nyekundu.

"Fundi wa mwisho alinirudishia funguo akiwa amesimama mbali," anasema mama huyo. "Akaniambia, mama, gari ni zima. Mwenye tatizo ni wewe."

Maneno kama hayo, yakisemwa Sumbawanga, hayakosi wa kuyabeba. Yaliteremka mpaka Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa ndugu wa marehemu. Mumewe, Marselino, alizaliwa huko. Alipanda juu Ufipa kwa ajili ya biashara, akafa maji mwaka jana, boti ilipopinduka akienda kununua dagaa Kipili. Ndugu waliposikia habari ya zulia linalolowa chini ya kiti kitupu, wakakata shauri: Marselino anakuja na maji yake.

Kaka mkubwa wa marehemu, Urbano, akatuma ujumbe. Jumamosi atapanda kuja kulichukua gari. Marehemu hataki libaki mikononi mwa mjane, basi, mjadala umefungwa.

Kwa Atusaye, pikapu hii ndiyo shamba. Huenda nayo Mwazye na vijiji vya jirani kununua mahindi na ulezi, akauza mjini. Yeye ni mtu wa Mbeya. Huku hana ardhi wala kaka wa kumsemea. "Likiondoka, mimi na wanangu tutakula nini? Upepo?" anauliza.

Ignasi ana miaka hamsini na moja, baba wa watoto watano, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani. Hakusomea ufundi darasani. Alianza kama tingo wa malori ya mahindi, akilala juu ya magunia na kushuka kuweka jiwe kwenye tairi kila lori liliposhindwa mlima. Siku gereji ikijaa hupata shilingi elfu thelathini. Siku nyingine hurudi nyumbani na mikono michafu tu.

Utingo ulimfundisha jambo moja ambalo wenzake humcheka nalo hadi leo. Hajaribu gari la mtu mwenyewe. Humwambia mwenye gari aendeshe, yeye hukaa na kutazama. Ndiyo maana wamembandika jina: Fundi Niendeshe.

"Lori moja, madereva wawili. Huyu analivunjia springi, yule analiunguzia klachi," anasema. "Gari ni lile lile, mguu ni mwingine. Sasa mimi nikiliendesha kwa mguu wangu, nitauonaje ugonjwa wa mguu wako?"

Kwa hiyo anajaza maji, anafunga rejeta, na kumwambia Atusaye: "Haya, Mama Rose, niendeshe. Endesha kama siku zote. Kama kuna kitu huwa unafanya, kifanye. Mimi jifanye sipo."

Anashika mlango wa mbele. Atusaye anamzuia kwa mkono. "Hapo hapana, kaka. Kaa nyuma."

Wanashika barabara ya kwenda Matai. Nyumba zinaisha, zinabaki nyasi zilizokauka pande zote mbili, na upepo unaozilaza. Kisha mkono wa Atusaye, wa kushoto unaacha gia, unazungusha kitufe kwenye dashibodi, na kugeuza matundu ya hewa yaelekee kiti kitupu.

"Vumilia kidogo, Baba Rose," anasema taratibu. "Joto linakuja."

Huko nyuma, Ignasi anashika kitasa cha mlango.

Kioo cha upande wa abiria kinaanza kufifia. Ukungu unaanzia chini, unapanda, upande ule mmoja, mahali hasa ambapo pangekuwa na mdomo wa mtu aliyeketi akitazama nje. Harufu tamu inajaa. Chini ya kiti kuna sauti ya tone. Kisha la pili.

"Niliogopa, nisikudanganye," anasema Ignasi baadaye. "Kiti kitupu, jamani, na kioo kinapumuliwa! Nikaanza Salamu Maria, nikaikosea katikati, na mimi nimeisali tangu utoto. Nilitaka kufungua mlango niruke."

Kilichomzuia ni mshale. Kutoka alipoketi aliuona ukinyanyuka, na hapo akili ya fundi ikarudi nyumbani kwake.

"Mama Rose," anasema, "hicho ulichozungusha ni nini?"

"Hita."

"Huwa unaiwasha kila safari?"

Atusaye anaegesha gari pembeni kwanza, ndipo anajibu. "Alikuwa mtu wa ziwani. Baridi ya huku hakuizoea hata siku moja. Kila tukiingia garini, mimi ndiye niliyemwashia. Sijaacha."

Hakuwahi kuwaambia wale mafundi watatu. Hawakumuuliza, naye aliona aibu. Nani atasimama gereji mbele ya wanaume na kusema anampashia moto marehemu? Nao, wakati wa kujaribu gari, hakuna hata mmoja aliyegusa hita. Mafundi wa hapa huendesha vioo vikiwa wazi, wasikilize injini.

Jibu lilikuwa hapo. Hita ya gari huazima joto la injini: maji ya moto hupita kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, feni ikapuliza joto kwa abiria. Katika gari hili, hita ikizimwa, maji hayaendi huko. Rejeta hiyo ndogo ilikuwa na ufa. Kila Atusaye alipowasha hita, maji yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, ile yenye harufu tamu na ute, yalipenya, mengine yakadondoka zuliani, mengine yakageuka mvuke na kuganda kwenye kioo. Hayakufika chini ya injini hata kidogo.

Atusaye anataka kuongeza maji papo hapo. Ignasi anamshika mkono: "Usithubutu! Ukifungua mfuniko sasa, yatakuruka usoni." Wanasubiri injini ipoe, wanajaza, wanarudi mjini hita ikiwa imezimwa. Mshale hautikisiki. Atusaye hasemi neno njia nzima. Ignasi anadhani ni furaha.

Jumamosi Urbano anafika, mtu mzima mwenye koti la suti na viatu vya mvua. "Shikamoo shemeji," Atusaye anamwamkia. Anaitikia bila kumtazama.

Ignasi ameshaitoa ile rejeta ndogo na kuiunganisha mipira yake kwa bomba la muda, maji yasipite tena huko. Zulia nalo ameshalianika likakauka. Anaizamisha kwenye beseni, anaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yanatoka kwenye ufa.

Urbano anayatazama. "Hicho ni chuma, fundi. Mimi naongelea mtu."

"Basi tupande, mzee wangu. Shemeji yako atuendeshe."

Anafungua mlango wa mbele amkaribishe. Urbano anakitazama kile kiti, anamtazama Ignasi, kisha anaingia nyuma. Ignasi naye anaingia nyuma. Wanaume wawili wazima, makoti mazito, wamebanana kama magunia, na mbele kiti kimebaki wazi.

Atusaye anaendesha. Nyasi, upepo, barabara. Kioo cha upande wa abiria kinabaki safi. Mtu anaweza kuhesabu ng'ombe walioko mbali. Mshale umetulia. Wanapofika mbali kabisa na mji, Urbano anajikunja, ananyoosha mkono hadi chini ya kiti cha mbele, anapapasa zulia, anapapasa tena.

"Pakavu," anasema. Anavua kofia. "Basi si yeye. Shemeji, gari ni lako. Nisamehe kwa yale niliyoyasema."

Ignasi alitegemea kusikia "asante Mungu". Badala yake gari linapunguza mwendo, linasimama. Atusaye ameshika usukani kwa mikono miwili, anakitazama kiti cha pembeni yake.

"Kwa hiyo siku zote hizo," anasema, "nilikuwa peke yangu?"

Kisha analia, kwa sauti, kilio ambacho hakulia msibani. Urbano naye analia. Ignasi anatazama nje kwa muda mrefu, kwa sababu hajui atazame wapi.

Hapa Sumbawanga, rejeta ya hita ikioza, fundi huunganisha mipira na kuisahau. Gari linatembea, kazi imekwisha. Ignasi pia alikusudia kufanya hivyo. Lile bomba la muda lingekuwa la kudumu. Siku hiyo alipofika gereji alimpigia simu muuza spea wa Mbeya, akaagiza rejeta nyingine ya hita. Itaingia na basi wiki hii, na wenzake wameshaanza kumcheka: unahangaikia hita ya mwanamke mmoja?

"Wacheke," anasema, akilainisha boliti za dashibodi kwa mafuta. "Kiti kile mimi mpaka leo sijakikalia, na sitakikalia. Ila nitamfungia hita isiyovuja hata tone, kabla baridi ya Julai haijaingia. Akitaka kumwashia mtu, amwashie. Nani amekaa pale, hilo si la fundi kuuliza."