Matawi ya Ijumaa

Ukimwona Ruphin akitembea mahali tambarare, utadhani anacheza mchezo wa watoto. Hatua zake zote zina urefu mmoja, fupi kidogo kuliko za mtu mzima, na hata pasipo na kitu cha kuruka yeye anaruka. Mara ya kwanza nilimcheka, tena kwa sauti, maana mdomo wangu mimi Martine haujui kungoja. Hakukasirika. Alinionyesha ardhi mbele ya viatu vyake.

"Mama, miaka makumi tatu na moja nilitembea juu ya traverse za reli. Miguu haiwezi kusahau."

Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, Likasi, na baba yake alitoka Kabalo kufuata kazi hiyo hiyo. Ruphin akawa mkaguzi wa njia: kilomita nane kwenda, nane kurudi, spana ndefu begani, macho chini yakitafuta nati iliyolegea kwenye mataruma, hizo traverse zake. Kila mkaguzi alibeba daftari, na daftari lilikuwa na sheria ambayo Ruphin huitamka kama wengine wanavyotamka Baba Yetu: aliyelegeza kitu ndiye anayekiandika, kwa mkono wake na jina lake. Mwenzake akikiona, anakikaza kwanza, kisha ananyamaza na kumwachia mstari. "Ukimuandikia, unamuibia," husema. Mimi nilipoyasikia hayo niliona ni ukaidi wa watu wa reli tu.

Mkewe, Chileshe, alikuwa wa kijiji cha juu ya Lukafu, pale milima ya Kundelungu inapoanza na msitu unapanda nayo. Ruphin alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, alielekezwa njia akaifuata mpaka kwenye njia panda. Upande wa kushoto tawi bichi lilikuwa limelazwa chini, limekata njia. Mtu wa reli akiona kitu kimelala mbele yake anafanya nini? Aliliruka. Akatembea asubuhi nzima na koti lake la harusi za watu, jogoo wa wakwe kwapani, hadi akatokea ukingoni mwa korongo ambako hata nyani hawana haraka ya kwenda.

Chileshe ndiye aliyekuja kumtafuta. Alicheka mpaka akaketi chini. Kule kwao, anayetangulia hukata tawi na kulilaza kwenye njia ambayo haifai kufuatwa, na kila anayekuja nyuma anaelewa, hata mtoto. "Kule kwenu," alimuuliza, "mulango ikifungwa, munapitaka ku dirisha?" Ruphin anasimulia hilo akitabasamu, na sauti yake hubadilika kidogo anapofika kwenye dirisha.

Waliishi pamoja miaka thelathini na minane, wakibishana juu ya jambo moja dogo. Chileshe alilaza tawi shina likiangalia nyumbani, ili mgeni aliyepotea ajue angalau kijiji kiko upande gani. Ruphin alililaza vyovyote. Chileshe akipita nyuma yake anainama, analigeuza, hasemi neno. Ruphin alipostaafu walihamia kijijini kwa mke, na miaka sita iliyopita mke akafariki ghafla, kikapu cha bowa, uyoga wa mvua za kwanza, kikiwa bado mlangoni. Watoto wako mbali. Walimwita Lubumbashi akakataa. Alisema njia zitaota majani.

Ndivyo tulivyomkuta sisi, kikundi cha watembezi kutoka mjini. Tulikuwa kumi na wanane, wengi tukiwa tumetumwa huko na matumbo yetu na madaktari. Mimi nauza vitenge karibu na soko, na babu yangu alikuja kutoka Kasai akiwa karani. Watu husema sisi wa Kasai tunapenda kuongoza, na siwezi kubisha, maana nilikuwa makamu wa rais wa kikundi kabla hata sijanunua viatu vya mlima. Ruphin alitufungulia njia tatu. Ile ndefu hupanda ndani ya msitu wa miombo, inavuka kijito mara mbili, inatokea juu kwenye uwanda wa nyasi ambako upepo unakuvua kofia na unaona bonde lote la Lufira. Kila Ijumaa alipanda peke yake na panga, akafyeka, akakagua, akalaza matawi kwenye njia panda. Jumamosi tukaja sisi, tukatembea, tukapiga picha.

Hakutueleza habari za matawi. Kwake, kumweleza mtu maana ya tawi ni sawa na kumweleza maana ya mlango uliofungwa. Na sisi hatukuuliza. Miaka minne tulipita kando ya matawi yale kama tunavyopita kando ya mawe.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi wa saba mwaka jana nilipendekeza tufanye salongo mlimani. Salongo, kwetu Lubumbashi, ni kazi ya usafi wa pamoja ya Jumamosi asubuhi, kila mtu na fagio lake, na mimi nimelelewa na mama aliyefagia hata mbele ya nyumba za jirani. Tulitangulia watu sita na magunia, kwa ile njia ndefu. Ruphin alibaki chini kusaidia gari la pili, lililopata pancha baada ya kuacha lami ya njia ya Kasenga. Tukaokota chupa, mifuko, vipande vya sigara. Magunia yalipojaa, mikono yangu bado ilitaka kazi. Kwenye njia panda ya pili, juu ya kijito, nikaona matawi manne yaliyonyauka yamezagaa njiani. Nikayaondoa. Nikayapanga vizuri chini ya mti, nikapangusa mikono, nikajisikia raia mwema.

Gérard, mfamasia wetu mwenye miaka sitini na saba, mmoja wa wale sita, hutembea nyuma kwa sababu hupenda kutazama ndege. Saa sita mchana tulikuwa juu tunafungua mikate, Gérard hayupo. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Ruphin, aliyekuwa amewapandisha wa gari la pili kwa njia fupi, hakuita. Alishuka kwa hatua zake fupi na mimi nikamfuata.

Kwenye njia panda ya pili alisimama akatazama ardhi kwa muda mrefu. Kisha akatazama chini ya mti. Akaenda kwenye rundo langu, akachukua tawi moja, akalirudisha mahali pake, likakata ile njia ya kushoto. Hapo ndipo nilipoelewa. Niliona aibu, na nilijua kwamba wakati wa kusema ulikuwa huo. Sikusema. Aliingia kushoto, nami nikakaa juu ya jiwe nikisali rozari bila kuhesabu.

Alimpata saa kumi, hatua chache kutoka ukingo wa korongo, kifundo cha mguu kimevimba. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye njia panda, yeye mzee wa miaka sabini na moja. Tangu siku hiyo goti lake la kulia halijapona.

Rais wetu, Clément, ni mtu wa mpangilio. Alisema njia ile haina alama, hivyo aliyeitengeneza amekosa. Kuna vijana wa kampuni fulani wanaopaka mishale ya rangi kwenye miti na kuweka ramani kwenye simu. Achukuliwe mmoja wao, na mzee apumzike. Kwa Ruphin kupumzika kulikuwa na maana moja tu. Watoto wake walikwisha kumwambia kwamba siku akiachishwa mlima watakuja kumchukua mjini, na yeye aliwaahidi atakubali. Angeacha njia zake, na kaburi la Chileshe lililo mwanzoni mwa njia ya kwanza. Mimi nilijua hayo yote. Nilijua na nikanyamaza wiki tatu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli, lakini wiki hizo zote sikulala.

Mkutano ulifanyika kwangu, chumba cha nyuma ya duka, katikati ya marobota ya vitenge. Ruphin alikuja na basi la alfajiri, amevaa lile koti lake, mfuko wa plastiki magotini. Gérard alikuja na fimbo. Clément alisoma ripoti yake yote, kisha akauliza:

"Baba Ruphin, uko na neno ya kusema?"

"Kama muntu amepotea ku njia yangu, ile njia njo ilikosa," Ruphin alisema. "Na njia ni yangu."

"Donc, basi, unakubali?"

"Minakubali njia ni yangu."

Clément akashika kalamu. Ruphin alikuwa anatazama mikono yake. Hakunitazama hata mara moja, na hilo ndilo lililonishinda. Angenitazama, labda ningekasirika, na hasira ingenisaidia kunyamaza.

"Hapana," nilisema. "Ni mimi. Ile siku ya salongo, njo mimi nilitoa matawi. Sikujua kama ilikuwa inafunga njia. Lakini baba alipoenda kumutafuta Gérard nilikwisha kujua, na nilinyamaza."

Gérard akaunyoosha mguu wake, akautazama.

"Mama Martine," alisema, "muguu wangu huu wote, ni juu ya usafi?"

Alikuwa na haki ya kusema zaidi, akaishia hapo. Clément aliweka kalamu chini.

Ruphin alifungua mfuko wake wa plastiki, akatoa daftari la kurasa zenye miraba, kingo zimeliwa. Akalifungua, akalisogeza mbele yangu pamoja na kalamu ya bic. Ukurasa ulikuwa wa mwezi wa saba. *Jumamosi. Njia panda ya pili. Matawi ine yalitolewa. Niliyarudisha.* Halafu neno *Alitoa:* na mbele yake mstari mtupu. Chini yake Ijumaa zilizofuata zilikuwa zimeandikwa zote.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua siku ile ile. Yalikuwa yamepangwa sana, shina zote upande moja. Kule kwetu hakuna muntu anapangaka takataka kama bitenge ya duka."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Haikuwa yangu ya kuandika, mama."

"Na kama bangekufukuza?"

Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa umbali wa kituo.

"Ningeenda. Mustari ungebakia."

Niliandika jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. Kisha nikalia mbele ya wateja wawili waliokuwa wanachungulia kutoka dukani, na sijali.

Habari za mishale hazikusikika tena. Clément mwenyewe ndiye aliyeomba Ruphin aeleze matawi kwa kikundi kizima, na Ruphin akaeleza kwa sentensi mbili. Lakini goti ni goti. Nilimwambia kwamba kila Ijumaa nitakuwa napanda naye, duka litajua lenyewe la kufanya.

Ijumaa ya kwanza tulipita kaburini, akaondoa majani mawili yaliyoangukia msalaba, tukapanda. Kwenye njia panda ya pili alikata matawi mawili. Moja alilaza yeye. La pili akanipa, nikalilaza kando ya lake, kwa uangalifu wote wa mtu mwenye deni la dhambi. Akainama kwa shida, akaligeuza la kwangu mpaka shina likaangalia kijijini.

"Chileshe alikuwa ananigeuziaka hivi," alisema.

Nikatazama lile lake. Shina liliangalia korongo, kama alivyolaza maisha yake yote. Hakuligusa. Alisimama tu, mkono juu ya goti, akatazama mbele msituni, akangoja.

Nikainama, nikaligeuza. Sikusema neno.

"Haya," alisema, akipangusa macho kwa mkono wa koti. "Tuendelee, njia ingali ndefu."