Siku Niliyohamisha Biro ya Kura

Chekeni tu, jamani, maana kuna aibu ambazo hata ukioga haziondoki, na hii yangu ilinikuta siku ya uchaguzi, hapahapa mtaani kwetu Hewa Bora, mchana kweupe, mbele ya mama-mukwe (mama mzazi wa bwana yangu, yule ambaye mbele yake hata kutafuna naona haya).

Muelewe kwanza kwamba katika grupu ya WhatsApp ya avenue yetu (barabara tunayokaa), mimi ndiye ninayetangaza matanga. Nikiandika "fulani ametutoka", watu wanabeba viti, hakuna anayeuliza mara mbili. Sasa jioni kabla ya kura, dada mmoja sokoni akaniambia biro yetu, yaani kituo cha kupigia kura cha hapa shuleni, imepelekwa Kenya (komini ya Kenya, upande wa pili wa mji, si ile nchi). Nami mbio mbio, umeme umekatika, betri inakufa, nikauliza kwenye grupu: "Banahamisha biro yetu ku Kenya". Nilikuwa nauliza! Kwa mdomo ungesikia sauti inapanda mwishoni. Lakini alama ya kuuliza, mimi na alama wapi na wapi, sikuweka, simu ikazima, nikalala fofofo.

Kesho yake mchana, baada ya kufua, nikaenda shuleni kuhakikisha mwenyewe. Biro ipo! Na foleni fupi ajabu. Nikachagua upesi, wakanipaka wino kidoleni, nikatoka namshukuru Mungu na kuwasema watu wa Hewa Bora kwa uvivu wao. Langoni nikakutana na Papa Ramazani, jirani yangu fundi viatu, anahema, suruali imejaa vumbi.

"Mama Feza, na weye uko huku? Tunatoka ku Kenya, banatufukuza, banasema majina yetu haiko. Si njo weye uliandika?"

"Mie? Niliandika nini?"

Akanionyesha simu. Maneno yangu yalikuwa yamemfikia kutoka grupu ya watu nisiowajua kabisa, juu yake kialama cha taa nyekundu na "URGENT", na chini mtu ameongeza: "C'est confirmé, Mama Feza wa matanga njo anasema." Nikayasoma mara mbili. Amethibitisha nani, wakati mwenyewe nilikuwa nauliza?

Ndipo nikamkumbuka mama-mukwe, naye anachagulia hapahapa kwetu. Nikaazima simu ya Papa Ramazani, nikampigia.

"Niko ku Kenya, mwana wangu," akasema. "Huku bantu ni bengi, bote banauliza Mama Feza ni nani."

Taksi hazikuonekana siku hiyo. Alirudi kwa miguu, na liputa yake mpya (kitenge cha kujifunga), kadi ya kura kifuani, akafika wakati lango limekwisha kufungwa. Nilimsihi askari, nikalia, nikapiga magoti. Wapi! Mama-mukwe akanishika mkono, akakitazama kidole changu chenye wino, kisha chake kisafi.

"Weye ulichagua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ulichagua kwa avenue muzima."

Nimeapa: habari ya kura nisiyoiona kwa macho yangu siiandiki tena, hata kwa kuuliza. Lakini wino ule haukuwa na haraka ya kutoka. Kila nilipomtengea mama-mukwe bukari (ugali wetu) nilikificha kidole chini ya sahani, naye alikiona, akanawa mikono, akala kwa vidole vyake visivyo na wino.