Sukuma ya Kwenye Gunia

Kiwanda cha kule Industrial Area kilipomwachisha mume wangu kazi, alilala akitazama ukuta mpaka nikaogopa. Kilichomwamsha ni sungura. Aliwajengea vizimba kwenye varanda yetu hapa Kariobangi, kimoja juu ya kingine, maana nafasi yenyewe ni ya kuanikia nguo tu. Mavi yao akayatia kwenye magunia ya sukuma wiki pale ngazini, na sukuma ikiota anawalisha haohao sungura. Hapa hakuna kinachopotea, alijigamba kwa majirani. Mimi nilifurahi tu kumsikia akiongea tena.

Halafu sungura wadogo wakaanza kukonda, matumbo yamevimba, wanaharisha. Kila nikitoka kazini nakuta mwingine amekufa, amekauka. Jamani, nilichoka!

Jumapili moja akachinja dume. Kwao magharibi firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba, na kwa sungura sisi tulimwekea ini. Siku hiyo ini lilikuwa kubwa ajabu, limejaa madoa meupe kama punje za mchele.

"Hayo ni mafuta," akasema.

"Mafuta gani, baba watoto? Hili haliingii sufuria yangu."

Tukamwita daktari wa mifugo. Alilitazama ini, akatazama vizimba, kisha akauliza majani yanatoka wapi. Mume wangu akamwonyesha magunia, bado anaringa.

"Mzee, kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho," daktari akasema taratibu. "Vinakula ini, vinatoka na mavi. Ukimwagilia gunia vinapata unyevu, vinakomaa, vinashika kwenye majani, kisha unawalisha tena."

"Kwa hivyo ni mimi nimewaua?"

"Hukujua, mzee."

Akatuachia dawa ya kutia kwenye maji ya kunywa. Mume wangu akaenda kulala, na kesho yake hakutoka kitandani.

Jioni nilichemsha maji nikasugua vizimba mwenyewe, miguu inawaka moto, nimemkasirikia kweli. Jike wa mwisho alikuwa amejikunja, halili. Nikambeba, nikamweka kifuani mwa mume wangu palepale kitandani.

"Sina nguvu za kuwauguza wawili," nikamwambia. "Huyu ni wako."

Akaweka mkono juu ya manyoya. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilia, akauliza dawa inatiwa kiasi gani.